Baba Yangu Alivyokataa kwa Kiingereza

Siku tuliyomzika baba yangu, kaka yangu Kristofa alisimama mbele ya kanisa akasoma wasifu wa marehemu. Ulikuwa wasifu mzuri: alizaliwa Nkololo, akabatizwa kwa jina la Novatus, akawa karani wa mizani wa chama cha msingi cha ushirika, akamwoa Wilhelmina, wakajaliwa watoto, akaugua, akafariki akiwa amepata sakramenti zote. Watu walisikiliza kimya. Kisha ukafika wakati wa kutoa heshima za mwisho. Mzee mmoja aitwaye Nyanda, aliyetoka Ipililo kwa basi la alfajiri, akafika mbele ya jeneza, akakunja magoti, akashikanisha mikono kifuani, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa wanakwaya: "Mwalimu, kwa kifo hiki, ai begi tu difa."

Kanisa zima likacheka. Padri alijaribu kujifanya anakohoa, ikashindikana. Mama yangu, ambaye alikuwa hajatia kitu mdomoni tangu msiba uingie, alicheka mpaka ikabidi ashikwe asidondoke kwenye benchi, halafu kilio kikaja juu ya kicheko, vikawa kitu kimoja.

Wageni waliokuwepo wangeweza kudhani sisi ni watu tusio na adabu mbele ya maiti. Ndiyo maana nimeona niandike, ili wajukuu wake, na waumini wenzetu waliohamia Bariadi miaka hii baada ya Simiyu kuwa mkoa, wajue kicheko kile kilitoka wapi. Mungu amlaze mahali pema baba yangu. Nami anisamehe nikicheka ninapoandika, maana mzee yule haandikiki kwa machozi matupu.

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba baba yangu hakuweza kukataa. Simaanishi alikuwa mkarimu tu. Wakarimu wako wengi. Baba neno la kukataa lilikuwa halipandi kooni. Jirani akija kuomba plau mvua za kwanza zikiwa zimenyesha, anapewa, na sisi tunalima wakati mahindi ya wenzetu yamefika magotini. Mtu akija kumuuzia baiskeli isiyo na breki, anainunua, kisha anamshukuru muuzaji kwa kutembea umbali ule wote bila breki. Kisukuma kina neno fupi kabisa la kukataa, "yaya", hata mtoto mchanga analiweza, lakini mimi niliyezaliwa na kukulia nyumbani kwake sikuwahi kumsikia akilitamka kwa mtu aliyesimama mlangoni. Neno lake lilikuwa moja: "Haina shida."

"Baba Scola," mama alimwambia siku moja, akimwita kwa jina langu, "mtu akija kuniomba mimi, utanitoa?"

Baba akaanza kuwaza. Kule kuwaza ndiko kulikomuudhi mama.

Sasa, Kiingereza alikipataje? Chama chao cha msingi kiliwahi kuletewa wataalamu kutoka Ulaya, waje kufundisha uendeshaji wa ushirika. Walikaa kwenye ghala la pamba wakijadiliana, na baba, kama karani wa mizani, alikuwa na ufunguo wa ghala, hivyo alikaa humo humo nyuma kabisa. Alichokiona kilimshangaza maisha yake yote. Wale watu walikataliana kutwa nzima! Mmoja akisema hivi, mwingine anasema si hivyo. Halafu ikifika saa ya chai wanacheka pamoja na kupeana sukari.

"Kwetu," baba alikuwa akisimulia, "mtu akikukatalia, hamsalimiani tena mpaka msiba uwakutanishe. Wale walikuwa wanakataliana kama wanapeana zawadi. Nikasema, hii lugha ina dawa."

Basi akayadaka yale maneno yao ya kujadiliana, moja baada ya jingine, kwa sikio. "With all due respect," yaani kwa heshima zote. "I see your point," yaani nimeiona hoja yako. "You have a point there," yaani hapo umesema kweli. Na mfalme wa yote, "I beg to differ," yaani naomba kutofautiana nawe. Zaidi ya hayo hakujua kitu. Hakujua mbuzi anaitwaje kwa Kiingereza, wala chumvi, wala mlango. Aliijua ile sehemu tu ambayo watu wazima wanaitumia wakiwa hawajakubaliana.

Kisha biashara ikafunguliwa. Makampuni binafsi yakaruhusiwa kununua pamba, yakaja na malori na mizani zao zinazong'aa. Chama cha baba kikadhoofu mpaka mizani yake ikawa kiota cha kuku. Tukahamia Bariadi mjini, wakati huo ikiwa bado Mkoa wa Shinyanga. Mama akafungua mgahawa kando ya barabara, nyumba ya udongo yenye paa la nyasi, akauza ugali, samaki kutoka Nyashimo, na maziwa ya mgando. Mgahawa ule ndio uliotulisha na kutusomesha. Baba, ambaye sasa hakuwa na mizani, akaona kila kampuni mpya ina bosi anayesema Kiingereza, na kila kijana wa mjini anataka kazi kwa bosi huyo. Akatangaza darasa. Lilikuwa likifanyika mle mle mgahawani, jioni wateja wa chakula cha mchana wakishaondoka na meza zikishafutwa.

"Mimi sifundishi majina ya vitu," aliwaambia siku ya kwanza. "Chumvi iko mezani, kila mtu anaiona. Ya nini kuijulia jina? Jifunzeni kukataa. Kukataa hakuko mezani."

Wanafunzi wake wakubwa walikuwa watatu. Tajudin, muuza spea za baiskeli, aliyetaka kubishana na mawakala wa Mwanza. Asumini, muuza vitenge, mzaliwa wa Tabora, mwanamke asiyehitaji kufundishwa kukataa kwa lugha yoyote, lakini alipenda kampani. Na kijana mmoja mtanashati, Joakim, ambaye alishika maneno upesi kuliko wote. Wengine walikuja na kuondoka kulingana na msimu wa kilimo.

Masomo yenyewe yalikuwa mdahalo. Maneno ya heshima yanasemwa kwa Kiingereza, hoja zenyewe kwa Kiswahili, kwa sababu hata mwalimu hakuwa na Kiingereza cha hoja. Nakumbuka ule wa ng'ombe na baiskeli, kipi bora.

"With all due respect," Tajudin alianza, "ng'ombe hapati pancha, sawa, lakini ukimpanda mpaka Maswa watu watakucheka."

"I see your point," Asumini akajibu, "bati baiskeli haizai!"

Hilo "bati" lilikuwa nguzo ya mafundisho ya baba. Neno lenyewe ni "but", yaani lakini, ila kwa matamshi yetu likawa bati, kama bati la kuezekea, na baba akaona hiyo ni bahati kubwa. "Ukisema 'nimeiona hoja yako', umejenga ukuta tu," alifundisha. "Ukiishia hapo, umekubali! Weka bati juu. Bati ndiyo nyumba." Mtu akisahau kulitia, darasa zima linamkumbusha kwa sauti: "Bati! Bati!" Wapita njia walidhani tunauza vifaa vya ujenzi.

Jambo jingine lilikuwa magoti. Baba alipotafsiri "I beg" alisema ni naomba, ambayo ni sawa. Lakini Msukuma haombi kitu akiwa wima. Mwanamke anapiga magoti, mwanamume anakunja magoti na kuinama kidogo, mikono imeshikana. Kwa hiyo kila aliyesema "I beg to differ" alikwenda chini. Asumini aligoma.

"Mimi wa Tabora, Mwalimu. Nakataa nimesimama."

"Mama, neno lenyewe linasema naomba," baba akamjibu kwa upole. "Nani anaomba amesimama wima kama askari?"

Asumini akapiga magoti, akakataa. Tangu hapo mji mzima ukajua kwamba Kiingereza kina sehemu ya kupigia magoti. Na baba akapata jina lake, Mwalimu Difa, ambalo hata barua za kanisani zilimfikia nalo.

Msidhani alikuwa anajiona hajui. Aliamini kabisa kwamba Kiingereza anacho chote, na yalimtokea mambo ya kumthibitishia. Kuna mwaka alifika parokiani sista mmoja Mzungu, mgeni kabisa, akitoka safari ndefu. Padri hayupo. Wakamwita Mwalimu Difa ampokee. Yule sista, akiwa na haraka inayoonekana usoni, akamuuliza kwa Kiingereza choo kiko wapi. Mimi nilikuwepo, nimebeba maji ya kunawa.

Baba akainamisha kichwa. "That is a very interesting point, Sister," yaani hoja yako inavutia sana.

Sista akangoja. Akauliza tena, taratibu zaidi, akionyesha kwa mkono tumboni.

"I see where you are coming from," baba akamwambia, kwamba anaelewa anakotokea.

Sista akawa anakanyaga mguu huu na huu. Kabla sijasema lolote, baba akatoa neno lake la tatu, akinyoosha mkono kwa heshima kuelekea kona ya jengo: "Let us look at it from another angle." Yaani tulitazame jambo hili kutoka pembe nyingine. Sista akaenda mbio kwenye ile pembe nyingine, na choo kilikuwa huko huko. Aliporudi alimshika baba mikono yote miwili akamshukuru. Baada ya hapo nani angemwambia kitu?

Zaidi ya yote, Kiingereza kilimpa baba kitu ambacho hakuwahi kuwa nacho. Kwa Kiingereza aliweza kukataa. Binamu yake kutoka Nkololo alipokuja kuomba tena ile plau, baba alisimama, akasafisha koo, akakunja magoti na kusema, "I beg to differ." Binamu naye, kuona mwenzake ameinama, akainama. Wakabaki hivyo wote wawili mpaka mama akatoka jikoni.

"Amekataa," mama akamwambia binamu.

"Mbona ameinama, mayu?" yaani mama.

"Ndivyo Kiingereza kinavyokataa."

Binamu akaenda zake, hakukasirika hata kidogo. Wiki iliyofuata alileta michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa.

Sasa nifike kwenye lile jambo lenyewe. Msimu mmoja wa pamba, kampuni moja iliweka yadi yake nyuma ya mgahawa wetu. Bosi wao alikuwa Mzungu wa Zimbabwe, Mista Denbow, mrefu, kofia pana. Joakim alipata kazi pale kuwa mkalimani wake, na baba alifurahi kama ameajiriwa yeye. Lakini malori ya kampuni yalikuwa yakishindwa kukata kona kuingia yadini, na kilichozuia kona ni mgahawa wa mama. Wakaamua waombe kile kiwanja, wabomoe, wapanue lango, na sisi watupe mahali pengine huko nyuma kuelekea mnadani, ambako gari hupita siku ya mnada peke yake.

Aliyetumwa kuja kuomba alikuwa Joakim. Na Joakim alimjua mwalimu wake. Alikuja asubuhi, amevaa shati jeupe, na hakutamka hata neno moja la Kiingereza.

"Mwangaluka, Mwalimu."

"Mwangaluka, mwanangu. Karibu uji."

"Mwalimu, sisi ni watoto wako. Kampuni inaomba hapa mahali. Tutakupa pengine."

"Haina shida, mwanangu," baba akasema.

Jikoni mwiko ulidondoka. Joakim hakungoja uji.

Mama alitoka akasimama mlangoni, mikono imejaa unga. "Baba Scola, umesema nini?"

"Nimesema haina shida."

"Shida ninayo mimi! Huko mnadani nitampikia nani, ng'ombe? Watoto watakula nini? Scola ataendelea na masomo kwa pesa gani?"

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nikitumaini kwenda chuo cha ualimu, na ada yangu ilikuwa inachemka mle mle kwenye masufuria ya mama. Baba alinitazama, akamtazama mama, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyepigwa na jua.

"Nimeshasema ndiyo, Wilhelmina. Mtu mzima hasemi ndiyo akarudi."

"Umekubali kwa Kiswahili," mama akasema. "Nenda ukakatae kwa Kiingereza."

Wazo hilo lilimwinua baba palepale. Jioni ile darasa zima likafanya mazoezi. Tajudin akavaa kofia, akawa Mista Denbow, akakaa kwenye kiti cha peke yake, akasema kwa sauti nzito, "Mwalimu, naomba hapa mahali."

"Haina shida," baba akajibu kabla hajajishika.

"Ah, Mwalimu!" darasa likapiga kelele.

"Ameomba vizuri sana!" baba akajitetea. Wakarudia mara nyingi. Ikaonekana kwamba akiambiwa kwa Kiswahili anakubali, akiambiwa kwa Kiingereza anakataa, kama taa yenye swichi. Tukaapa kwamba kesho Joakim asipewe nafasi ya kutafsiri.

Asubuhi tulisali, tukaenda yadini wote. Baba amevaa koti la harusi yake. Darasa linamfuata nyuma, na mama nyuma ya darasa, kanga imefungwa kiunoni. Pale kwenye mizani kulikuwa na wakulima wengi na marobota yao wakingoja kupimiwa, akiwemo huyo mzee Nyanda wa Ipililo, ambaye siku hizo hakuwa mzee.

Mista Denbow alitoka ofisini, akampa baba mkono, akasema kwa Kiingereza kwamba amefurahi kusikia wamekubaliana.

"With all due respect, sir," baba akasema, na sauti yake ilikuwa nzuri, "I beg to differ." Akaenda chini. Darasa likaenda chini naye, wanaume wameinama, wanawake wamepiga magoti, Asumini wa Tabora akiwa mbele kabisa.

Wakulima waliokuwa kwenye mizani hawakujua kinachoendelea. Lakini ni watu waliolelewa. Waliona watu wazima wanaomba jambo kubwa, wakavua kofia, nao wakainama. Nyanda aliweka robota lake chini akakunja magoti. Mpimaji aliacha mizani ikining'inia. Yadi nzima ikawa chini, isipokuwa Mista Denbow na Joakim.

Yule Mzungu akashtuka. Akamuuliza Joakim kwa Kiingereza kama kuna mtu amekufa.

"No, sir," Joakim akajibu. "They are differing," yaani wanatofautiana nawe.

Mista Denbow akavua kofia yake, akangoja kwa heshima mpaka watu wakasimama. Kisha akaanza kueleza, polepole, kwa Kiingereza: malori ni makubwa, kona ni ndogo, lori moja limeshagonga nguzo, mkulima anangoja juani kutwa kwa sababu ya kona ile. Alieleza vizuri mno. Nilimwona baba anatikisa kichwa kukubali, na nikaogopa.

"You have a point there," baba akasema.

Akaishia hapo.

"Amekubali!" Joakim akaruka kutafsiri kwa Kiswahili, ili wote wasikie.

"Amesema nini?" mama akauliza kutoka nyuma.

Baba alikuwa amesimama mdomo wazi. Ukuta umejengwa, hauna paa. Darasa likamnong'oneza, kwanza Asumini, kisha wote, kisha kwa sauti: "Bati! Mwalimu, bati! Bati!"

Wakulima nao, kusikia, wakadhani hiyo ndiyo haki inayodaiwa, wakaitikia kwa nguvu: "Bati! Bati!"

Mista Denbow akamgeukia Joakim. Wanasema nini? Joakim, Mungu amsamehe, alijua maana yake kuliko mtu yeyote pale. Alikaa benchi moja na akina Asumini. Lakini akamwambia bosi wake kwamba wanaomba mabati ya kuezekea.

Uso wa Mzungu ukafunguka. Alikuwa ameogopa wanaomba kitu kikubwa. Akasema hiyo ni haki kabisa, kampuni itaujengea mgahawa huo nyumba mpya kule nyuma, ya matofali, na paa lote la bati. Joakim akatafsiri neno kwa neno, tena akaongeza na sakafu ya saruji.

Hapo mambo yakaharibika. Nyumba ya bati! Mgahawa wetu ulikuwa unavuja kiasi kwamba mvua ikinyesha wateja walihama na sahani zao kutoka meza hii kwenda ile. Wakulima wakapiga makofi. Tajudin, huyo huyo aliyefanya mazoezi na sisi, akamvuta baba koti. "Mwalimu, chukua! Bati zima!"

"Bati la kumwezekea nani?" mama akasema, sasa akipenya katikati ya watu. "Nani atakuja kula huko mnadani? Baba Scola, nitakaa chini ya bati nikihesabu mijusi?"

Baba akamtazama. Mista Denbow alikuwa ametabasamu, mkono ameshaunyoosha kupokea mkono wa makubaliano, na mkono wa mtu ukinyooshwa mbele ya baba yangu haujawahi kurudi mtupu. Jasho lilimtoka kwenye koti lile la harusi. Nikaanza kusali Salamu Maria kimoyomoyo, na sina uhakika nilifika mwisho.

"You have a point there," baba akasema tena, taratibu. "But."

"But what?" Mista Denbow akauliza. Lakini nini?

Hapo ndipo Kiingereza chake kilipoishia. Hakuna mtaalamu aliyewahi kusema mbele yake kinachofuata baada ya hapo kwa habari ya mke, na masufuria, na mtoto wa chuo. Magoti yake yalianza kukunjika yenyewe kwa mazoea. Akayazuia. Akasimama wima.

"But no," akasema.

Darasa likashusha pumzi. Mista Denbow akaurudisha mkono wake, akamtazama baba kwa muda, akavaa kofia. Alisema kwamba yeye hapendi kuchukua jibu la mtu akiwa mbele ya umati, maana umati unamsukuma. Mwalimu aende akalale, kesho arudi amwambie tena. Joakim alipotafsiri hayo alikuwa anatabasamu. Alijua kwamba hakuna aliyewahi kumwona Mwalimu Difa akikataa jambo lile lile mara mbili.

Na kweli, nyumbani hapakuwa na furaha. Baba hakula. Alisema amemwaibisha mgeni. Mtu ametoka kwao Zimbabwe, amemnyooshea mkono mbele ya watu, naye ameuacha unaning'inia hewani kama ndoano ya mizani. Mama alimbembeleza kwa samaki, akakataa. Ndiyo, samaki alimkataa! Kulipokucha tukamkuta bandani, ameshamkamata jogoo mkubwa kuliko wote.

"Unampeleka wapi?" mama akauliza.

"Kwa mgeni. Kumwomba radhi."

"Baba Scola, ukienda na jogoo utarudi bila mgahawa."

"Siwezi kwenda mikono mitupu kumkatalia mtu mara ya pili, Wilhelmina. Hata Mungu ataniona mtu wa ajabu."

Basi tukaenda watatu. Baba mbele, mimi katikati nimembeba jogoo, mama nyuma kama mchungaji asiyewaamini kondoo wake. Mista Denbow alikuwa bado hajatoka nyumbani kwake. Aliyekuwepo yadini ni Joakim peke yake. Akamwona jogoo, akang'aa.

"Mwalimu wangu, mwangaluka! Naona umekuja na kitoweo. Moyo umelainika." Akasogea, akamshika baba bega, akaongea kwa Kiswahili, tena kile laini cha mtoto akimwomba mzazi. "Yale ya jana yalikuwa ya mbele za watu. Sasa tuko wenyewe. Mimi ni mwanao. Ukikubali, bosi atanipandisha cheo, na sifa itakuwa yako uliyenifundisha. Nimwambie basi tumekubaliana?"

Mama akafumba macho. Mimi nilimkumbatia jogoo mpaka akalia. Hapakuwa na Kiingereza hapo, wala darasa, wala neno la kuinamia. Kulikuwa na mtu anaomba, na baba yangu.

"Joakim mwanangu," baba akasema. "Kuku ni wa bosi wako, mpe, mwambie ni wa heshima. Nawe njoo mchana ule ugali, usilipe. Lakini mahali pale, hapana."

"Hapana, Mwalimu?"

"Hapana. Ni pa mama Scola."

Joakim alimtazama kama mtu aliyesalimiwa na jiwe. Akapokea jogoo kutoka mikononi mwangu. Jibu lilimfikia Mista Denbow pamoja na jogoo, na siku ile ile kabla ya saa ya chakula wafanyakazi walikuwa wanavunja ukuta wa yadi upande wa pili ili kufungua lango jingine huko, na malori yakaanza kuzungukia nyuma.

Asubuhi ile, wakati wa kurudi nyumbani, baba alitutangulia akitembea haraka mno, mpaka mama akamwita apunguze mwendo. Akasimama kando ya barabara kutungoja. Tulipomfikia nikaona mikono yake inatetemeka kama ya mgonjwa wa malaria, na akajaribu kuificha ndani ya mifuko ya koti.

"Unaumwa?" mama akamuuliza.

"Hapana," baba akasema. Neno lenyewe lilimshtua. Akalisema tena, kwa sauti ndogo, kama mtu anayejaribu kiatu kipya. Mama akaitoa mikono yake mifukoni, akaishika yote miwili palepale barabarani, mbele ya watu, jambo ambalo wazazi wangu hawakuwahi kulifanya, na hakuiachia mpaka ilipotulia.